Risasi ya Leza kwa Mazoezi ya Bastola Nyumbani: Tathmini Baada ya Miezi Saba

Miezi saba iliyopita nilinunua risasi ya leza kwa dola 45, nikiwa na swali moja tu lililokuwa likinisumbua: kwa nini matundu yangu kwenye karatasi hukusanyika chini na kushoto kila ninapokwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha? Kifaa chenyewe ni kipande cha shaba chenye umbo na ukubwa wa risasi ya milimita 9, ambacho huingizwa katika chemba ya bastola, yaani tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, na, badala ya kulipuka, hutoa mweko wa mwanga mwekundu kupitia mtutu pindi kifyatulio kinapovutwa hadi mwisho. Ninaishi Houston, katika jimbo la Texas, ninamiliki bastola aina ya Glock 19 kwa mujibu wa sheria, na nimekuwa nikiitumia risasi hii si chini ya mara nne kwa wiki, kwa hiyo ninayoyaandika ni ya mtu aliyeishi na kifaa hadi akakizoea. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa risasi za namna hii hutengenezwa na viwanda kadhaa kwa mpango unaofanana, na sifa pamoja na kasoro nitakazozieleza zinahusu zaidi aina ya kifaa kuliko chapa iliyobandikwa juu yake.

Nianze na tatizo lilivyokuwa. Mtihani wa leseni ya kubeba bastola hapa Texas una risasi 50, yaani 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7 na 10 kutoka yadi 15, na mtahiniwa anahitaji alama 175 kati ya 250 ili afaulu. Nilipata 232, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba kazi imekwisha. Lakini karatasi ya mtihani ule ina umbo la kiwiliwili cha mtu mzima, na katikati yake ni papana kiasi kwamba mkono unaweza kukosea kwa inchi kadhaa na alama zikahesabiwa vilevile. Nilikuwa nimefaulu huku nikiwa na kosa ambalo mtihani haukuwa na uwezo wa kulionyesha.

Kilichonifumbua macho ni karatasi ya nukta kumi, ambayo wafyatuaji wa Marekani huiita Dot Torture na ambayo huhusishwa na mwalimu David Blinder, kisha ikaenezwa sana na mwalimu mwingine, Todd Louis Green. Ni karatasi moja ya kawaida ya kuchapisha, yenye duara kumi za upana wa inchi 2 kila moja, na hupigwa kutoka yadi 3 tu kwa risasi 50. Umbali wa yadi 3 unaonekana kama mzaha mpaka uanze. Nukta ya kwanza hupigwa risasi 5 taratibu, kwa nia ya kutoboa tundu moja. Ya pili nayo hupewa risasi 5, ila kila risasi hutanguliwa na kuchomoa bastola kutoka kwenye ala. Katika ya 3 na ya 4 unachomoa, unapiga moja kwa kila nukta, unarudisha, na kurudia hadi risasi 8 ziishe. Ya 5 ni ya mkono wenye nguvu peke yake, risasi 5. Katika ya 6 na ya 7 unachomoa na kupiga mbili kwa kila nukta, mara nne, jumla risasi 16. Ya 8 ni ya mkono dhaifu peke yake, risasi 5. Na katika ya 9 na ya 10 unapiga moja, unabadilisha magazini (kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mshikio), unapiga nyingine, mara tatu, jumla 6. Kila tundu lililo nje ya duara ni kosa, na hakuna alama za huruma.

Mara ya kwanza nilipata 34 kati ya 50. Nilikosa hata katika nukta ya 2 na ya 3, ambazo zinadai risasi moja moja tu, bila haraka yoyote. Matundu ya nje yalikuwa karibu yote chini na kushoto, na kwa mtu anayetumia mkono wa kulia maana yake hujulikana: mkono hukaza wote kwa pamoja wakati kidole cha shahada peke yake ndicho kilichotakiwa kufanya kazi. Ukifikiri kidogo utaona kwamba si ajabu. Kifyatulio cha bastola yangu kinahitaji nguvu inayokaribia kilo 2 na nusu ili kikubali, ilhali bastola yenyewe ikiwa tupu haifiki hata kilo moja. Tunatumia nguvu inayozidi uzito wa chombo kukiamsha, kisha tunategemea kwamba chombo hakitasogea. Hakitasogea ikiwa tu nguvu ile itaelekezwa nyuma, moja kwa moja, na kidole kimoja.

Ningeweza kulitafuta kosa hilo kwa risasi halisi, lakini sanduku la risasi 50 hapa nilipo nilikuwa nalinunua kwa dola 16, juu ya ada ya uwanja ya dola 22 kwa saa, na baya zaidi ni kwamba mlipuko wenyewe huficha kosa. Bastola inaporuka mkononi, huoni tena kile ambacho mtutu ulifanya sekunde moja kabla. Mazoezi ya bastola tupu huondoa kelele na mshtuko, yakabaki macho, mkono na kidole. Risasi ya leza huongeza jambo moja katika mazoezi hayo, nalo ni ushahidi: inaonyesha mahali ambapo mtutu ulikuwa umeelekea wakati ule ule pini, yaani kile chuma kidogo kinachogonga kitako cha risasi, ilipopiga.

Kabla ya kuendelea lazima nieleze utaratibu tunaoufuata nyumbani, kwa sababu kifaa hiki kinakaribisha ajali mbaya kuliko zote, ile ya mtu aliyedhani bastola ni tupu. Risasi zote halisi hubaki katika chumba kingine, ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli. Ninatoa magazini, ninavuta slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, nyuma na kuifunga, kisha ninaingiza kidole katika chemba, kwa sababu macho ya mtu aliyechoka huona anachotarajia kukiona. Halafu mama watoto naye huja, huingiza kidole chake, na kusema neno moja: “Tupu.” Bila neno hilo zoezi halianzi. Watoto huwa wamekwisha lala, na ukuta ninaouelekea ni ule wa matofali wa upande wa gereji, ambao nyuma yake hakuna anayekaa. Zoezi likiisha, bastola hurudi kwenye kisanduku papo hapo na hairudiwi tena usiku ule, maana ajali nyingi za namna hii huja na lile wazo la “moja tu ya mwisho”. Jeff Cooper, mwalimu wa Kimarekani ambaye kanuni zake nne za usalama zimeenea duniani, aliweka kanuni ya kwanza kuwa bunduki zote zichukuliwe daima kuwa zina risasi. Naona kanuni hiyo ina uzito mkubwa zaidi sebuleni kuliko uwanjani, kwa kuwa uwanjani kuna msimamizi na sebuleni hakuna.

Sasa kazi ya kifaa. Zoezi la kwanza halihitaji hata leza, na ndilo ninalomshauri kila mtu aanze nalo: simamisha ganda la risasi lililokwisha tumika juu ya slaidi, nyuma kidogo ya kilengeo cha mbele, nyoosha mikono, kisha vuta kifyatulio taratibu hadi kilie bila ganda kuanguka. Mara kumi mfululizo, na likianguka katika mara ya tisa unaanza upya kutoka moja. Mke wangu alikuwa akiisikia ile sauti ya ganda likigonga vigae akiwa jikoni na kujua kwamba nimerudi mwanzo. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nikishindwa kuifikia kumi.

Ganda linapotulia ndipo leza inapokuwa na maana. Nilibandika ukutani karatasi ileile ya nukta kumi, nikapima karibu mita 3, nikaisimamisha simu juu ya rundo la vitabu ili kamera iitazame karatasi, na programu ya simu inayosoma mweko ikawa inaweka alama kila mweko ulipotua. Jambo lililonifundisha kuliko yote sikulitarajia. Mweko wa leza hudumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini si papo hapo kabisa, na ndani ya muda huo mdogo mtutu ukisogea, mwanga huchora. Mvuto mzuri wa kifyatulio huacha nukta ya duara, safi, kama tone la wino. Mvuto mbaya huacha kiluwiluwi, kichwa kikiwa pale ulipolenga na mkia ukielekea upande ambao mkono umeuvuta. Mikia yangu ilikuwa ikielekea chini kushoto, yote. Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kosa langu kwa uwazi namna ile, na hakuna aliyehitaji kunieleza tena baada ya kuliona.

Dawa niliyoipata ilikuwa ya kusogeza kidole. Nilikuwa nikiingiza kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza, na kila nilipovuta, kidole kilikuwa kikisukuma upande wa kifyatulio. Nilipokitoa nje kidogo, hadi sehemu ya nyama iliyo katikati ya ncha, na nilipouhamishia mkono wa kushoto kazi kubwa ya kushika ili wa kulia ubaki huru, mikia ilifupika ndani ya siku kumi. Kwa wenye mikono mikubwa au midogo kuliko yangu mahali pa kidole panaweza kuwa tofauti kidogo, na hapo ndipo uzuri wa kifaa: huna haja ya kubishana na mtu kuhusu mshiko sahihi, unajaribu na kutazama kiluwiluwi kinasema nini.

Zoezi la pili ambalo kifaa kinalifaa sana ni la kuchomoa bastola kwenye ala na kupiga risasi moja kwa kufuata mlio wa kipima muda. Nilianza kwa sekunde 2.9 na sasa napiga ndani ya nukta ya inchi 2 kwa sekunde 1.9, lakini namba hizo zisimvutie mtu kuanza na haraka. Mwezi mzima wa kwanza nilikizima kipima muda kabisa, nikafanya kila hatua kwa mwendo wa mtu anayepanga vyombo vya udongo: mkono unashika kitako kikamilifu bastola ikiwa bado ndani ya ala, inatoka wima, mikono inakutana mbele ya kifua, bastola inasukumwa mbele huku jicho likikipokea kilengeo kabla mikono haijanyooka. Kidole kinabaki nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni mwa bastola, hadi vilengeo viwe juu ya shabaha. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na kasi ilikuja yenyewe bila kuitafuta.

Sasa mahali ambapo kifaa hiki kinadanganya, na hapa naomba msomaji anayefikiria kununua anisikilize kwa makini. Udanganyifu wa kwanza ni wa macho. Mwanga mwekundu ukutani ni kitu kizuri kukitazama, na baada ya siku chache utajikuta unavuta kifyatulio huku jicho limekwisha ruka kutoka kwenye kilengeo kwenda ukutani ili kuona mwanga umetua wapi. Tabia hiyo ukienda nayo uwanjani ni hasara tupu, kwa sababu pale hakuna mwanga wa kuutazama, na jicho lililoacha kilengeo mapema limeacha kazi yake. Niliiondoa kwa kujiwekea sharti la kupiga mara kumi bila kuangalia matokeo, kisha kuyasoma yote kwenye simu. Programu isiyohifadhi matokeo, kwa maoni yangu, haifai hata ikiwa ya bure.

Wa pili unatokana na muundo wa bastola yenyewe. Katika Glock na nyingine za jamii yake, kifyatulio kikishavutwa bila mlipuko hubaki kimelala, na lazima uvute slaidi nyuma kidogo ndipo kirudi kufanya kazi. Risasi yangu ya leza haina ukingo wa kushikwa na ndoana ya kutolea maganda, kwa hiyo inabaki ndani ya chemba slaidi inapovutwa, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kila mweko unaishia kwa kuvunja mshiko wako ili uvute slaidi. Kwa maneno mengine, zoezi lolote linalohitaji risasi ya pili haraka baada ya ya kwanza haliwezekani. Wapo wanaovuta kifyatulio kilicholala mara tano sita wakijifanya wanapiga mfululizo, lakini leza haiwaki, uzito wa kifyatulio si ule, na kidole kinajifunza kitu kisichokuwepo. Nawashauri waache.

Wa tatu ni mkubwa kuliko yote mawili, nao ni kutokuwepo kwa mshtuko. Baada ya wiki sita nilikuwa nikipata 48 na 49 ukutani kwa mtindo wa risasi moja moja, nikaenda uwanjani na karatasi ya nukta kumi nikiwa na matumaini makubwa. Nilipata 41. Nilipoisoma karatasi vizuri niliona habari nzima imeandikwa pale. Nukta ya 1 hadi ya 5 zilikuwa safi, na ya 9 na ya 10 pia. Makosa sita yalikuwa katika ya 6 na ya 7, zile za risasi mbili mbili, na matatu katika ya 8, ya mkono wa kushoto. Yale ambayo leza iliweza kuyafundisha ilikuwa imeyafundisha kikamilifu, na yale ambayo haiwezi kuyagusa yalibaki kama yalivyokuwa siku ya kwanza.

Siku ile nilikuwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, naye akapendekeza tufanye zoezi la kuchanganya. Aliichukua magazini, akanipa mgongo, akapachika risasi halisi sita na risasi bandia za plastiki tatu bila mimi kujua zilivyopangwa. Risasi tatu za mwanzo zililipuka na kutua vizuri. Ya nne ilikuwa bandia. Kifyatulio kililia “tak”, hakuna kilicholipuka, na mtutu ukainama mbele yangu kama kuku anayedonoa punje. Niliganda pale nikiutazama.

“Shemeji, umeona mwenyewe,” akasema, bila kucheka.

Niliona. Mkono wangu ulikuwa ukipambana na mshtuko ambao haukuwepo, kwa sababu ulikuwa umeuzoea na kuutarajia, na ndani ya nyumba yangu yenye ukimya haukuwa na sababu ya kufanya hivyo, ndiyo maana leza haikuwahi kuniambia. Tangu siku hiyo mazoezi haya mawili nayafanya kama jozi: leza nyumbani kwa ajili ya kidole na macho, na risasi za kuchanganya uwanjani kwa ajili ya woga ambao mtu anaweza kuapa kwamba hana. Risasi bandia za plastiki, kwa taarifa, nilinunua tano kwa dola zisizozidi 15, na kama ningekuwa na uwezo wa kununua kimoja tu kati ya vifaa hivi viwili, ningekaa nikafikiri sana.

Kuhusu mazoezi mengine mashuhuri, nitapita haraka, kwa kuwa kifaa kinayasaidia kidogo. Bill Drill, lenye jina la Bill Wilson, ni kuchomoa na kupiga risasi sita kwa kasi kutoka yadi 7, na kwa leza utafanya risasi ya kwanza peke yake. El Presidente la Jeff Cooper lina shabaha tatu, risasi mbili kwa kila moja, kubadilisha magazini, kisha mbili mbili tena, jumla 12, likianza kwa kugeuka kutoka hali ya kuzipa shabaha mgongo, na mimi nyumbani nafanya sehemu ya kubadilisha magazini tu, kwa magazini tupu, mara ishirini, juu ya zulia ili zisivunjike. Lipo pia zoezi la risasi mbili kifuani na moja kichwani, ambalo dunia nzima hulijua kwa jina la Msumbiji. Kwa mujibu wa kisa alichokisimulia Cooper, lilitokana na mapambano ya Mike Rousseau, mamluki aliyekuwa akipigana Msumbiji, katika uwanja wa ndege wa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Kwa mtu aliyekulia Mtwara, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, ambako wazee wetu waliwapokea wapigania uhuru wa FRELIMO na kugawana nao chakula, jina hilo lina uzito mwingine kabisa, na kila ninaposikia likitajwa uwanjani kama jina la zoezi tu, huwa nawakumbuka waliokuwa upande wa pili wa mapambano yale.

Nirudi kwenye kifaa. Kasoro zake za kimwili ni tatu. Kitufe cha mpira kilicho kwenye kitako cha risasi hiyo ya leza, kinachopigwa na pini, kilianza kuchoka katika mwezi wa nne, na mweko ukawa unatoka mara moja na kukosa mara moja, jambo linaloudhi kwa sababu huwezi kujua kama kosa ni lako au ni lake. Kwenye boksi kulikuwa na kitufe kimoja cha akiba, na sasa ninakitumia hicho. Betri zake ni tatu ndogo za kidonge, na mimi huzibadilisha kila baada ya wiki tano hivi. Kifaa hakina kiashiria chochote cha kuonyesha kwamba zinaelekea kuisha, isipokuwa mwanga kufifia hadi kamera ishindwe kuuona. Tatu, programu ya simu hubabaika mwanga wa chumba ukiwa mkali, na jioni jua linapopenya dirishani huandika mapigo ambayo hayakupigwa. Mimi hufunga mapazia na kuacha taa moja pembeni, na hapo inafanya kazi bila shida.

Liko na jambo moja ambalo si kasoro lakini limewafanya wanunuzi wengi wakilalamikie kifaa bure. Leza hutoka katikati ya mtutu, ilhali vilengeo viko juu ya mtutu kwa karibu sentimita 2, kwa hiyo kwa umbali wa mita 3 mwanga utatua chini kidogo ya pale unapoona unalenga. Hivyo ndivyo hata risasi halisi ifanyavyo kwa umbali huo. Kinachotakiwa ni kujua tofauti hiyo na kutazama kama mapigo yanakusanyika pamoja. Usianze kugongagonga vilengeo vya bastola yako kwa sababu ya leza. Lakini ukiona mapigo yametawanyika upande mmoja pasipo sababu, itoe risasi, izungushe nusu duara ndani ya chemba, upige tena. Kundi la mapigo likihama, basi leza yenyewe haikufungwa katikati, na kifaa hicho kirudishwe dukani. Cha kwanza nilichotumiwa kilikuwa hivyo, muuzaji akakibadilisha bila maswali, ila nilipoteza wiki mbili nikilirekebisha kosa ambalo halikuwa langu.

Tahadhari nyingine ni ya aina ya bastola. Bastola nyingi za kisasa za milimita 9 hazidhuriki kwa kupigwa zikiwa tupu, lakini zile ndogo za kipenyo cha .22, ambazo pini yake hupiga ukingoni, zinaweza kuharibika, na mwenye nayo asome kwanza kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji.

Kama ningetakiwa kukipa alama, ningekipa 7 kati ya 10. Anayekwenda uwanjani mara moja kwa mwaka ili kufurahi na marafiki hana haja nacho. Anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kushika bastola, aanze na mwalimu, maana leza itamwonyesha kwamba amekosea bila kumwambia afanye nini. Anayefaidika ni yule aliye katikati, anayejua misingi, ambaye matokeo yake yamekwama mahali pamoja, na ambaye ana subira ya kukaa dakika kumi na tano usiku na kuandika alichokipata kwenye daftari. Bila daftari, kusema kweli, ni tochi ya bei ghali.

Ndugu kadhaa walioko Tanzania na Kenya wameniuliza kama wanaweza kutumiwa. Wazo lenyewe linawafaa zaidi hata kuliko sisi huku, kwa sababu hati ya mmiliki wa Kenya hutaja idadi ya risasi anazoruhusiwa kununua na kuwa nazo, na mtu hawezi kuzimaliza hivihivi kwa mazoezi. Lakini Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria yake ya Silaha, na kifaa chenye umbo la risasi kinachosafiri ndani ya kifurushi si kitu cha kukijaribu kwa kubahatisha. Aulizwe kwanza afisa anayehusika na leseni, kwa maandishi, na jibu lisubiriwe kabla ya fedha kutumwa. Wakati wa kusubiri, zoezi la ganda juu ya slaidi halina gharama yoyote, na kwa usalama uleule nilioueleza linaweza kuanza leo.

Jumamosi iliyopita nilipiga tena ile karatasi ya nukta kumi, nikapata 46. Mawili niliyakosa katika nukta ya 6 na ya 7, na mengine mawili katika ya 8. Kwa hiyo wiki hii, kila usiku baada ya mama watoto kusema “Tupu”, bastola inaanzia katika mkono wa kushoto.